Ngozi ya Bismillahi

Wahenga waliposema ngozi ivute ingali maji, wengi wetu tulidhani waliwasema watoto peke yao. Mzee Evaristi wa Milanzi naye alidhani hivyo kwa miaka sitini na minne, akiwahubiria wenzake wenye watoto, mpaka ngozi yenyewe ilipomshika sikio.

Evaristi alikuwa fundi ngoma. Hapakuwa na parokia Ufipa ambayo haikuwa na ngoma yake, na yeye hakuchoka kuwakumbusha watu. Basi siku moja ya Julai, upepo wa baridi ukivuma, alitembelewa nyumbani na Mwalimu Sikudhani, mzaliwa wa Kabwe, aliyefundisha madrasa mjini na kuandika hati za Kiarabu kwa kalamu ya tete.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Sikudhani akaeleza haja yake. Jumatatu maktaba ya mji ingeonyesha maandishi ya kale. Alitamani kuandika ukurasa mmoja kama waandishi wa mwanzo wa Uislamu, juu ya ngozi ya mbuzi. Nafasi yake ukutani ilikuwa tayari, na asingepata ngozi angepewa mwingine.

"Lakini hii si ya ngoma, mzee. Ukishaiwamba, unaikwangua, na kila ikilegea unaivuta tena, hadi ikauke."

Evaristi akacheka hadi kofia ikamwanguka. "Mwanangu, mimi na ngozi ni chanda na pete. Nenda kaandae wino."

Alikuwa na ngozi mbili zilizolowekwa kwenye chokaa. Alhamisi akaiwamba ya kwanza kwenye fremu ya miti, akakaza kamba mara moja tu kama afanyavyo kwa ngoma, kisha akaenda kunywa pombe ya ulezi kujipongeza. Ngozi ya ngoma hujikaza yenyewe. Ya kuandikia haina adabu hiyo. Aliporudi, upepo ulikuwa umeshaikausha, imejikunja kama bati lililokanyagwa na ng'ombe. Akaivuta kwa nguvu, ikapasuka. Ijumaa yote alishinda amenuna, aibu ikimtafuna.

Jumamosi asubuhi mkewe, Bertilla, akamwambia, "Baba Suma, kununa hakuwambi ngozi. Hiyo iliyobaki itaoza."

"Leo si harusi ya Monika? Nani atapiga ngoma badala yangu?"

"Shauri yako. Uliahidi huku na huku."

Monika alikuwa mpwa wake, naye alimpenda kama mboni ya jicho. Hata hivyo Evaristi akaitoa ngozi. Akakunjia vijiwe kwenye kingo za ngozi, akafunga kamba nyuma yake ili zisiteleze, akakwangua, akavuta. Ikalegea, akavuta tena. Saa nane vijana wa harusi wakaja kumchukua.

"Siondoki," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nikiiacha sasa itaharibika kama ya kwanza. Mwambieni Monika anisamehe."

Nusu saa haikupita, vigelegele vikasikika njiani. Monika huyo na shela lake, bwana harusi nyuma yake, na msafara mzima na ngoma zake!

"Mjomba, usipokuja harusini, harusi inakuja kwako!"

Uani pakawa hapatoshi. Ngoma zikarindima, Evaristi akavuta kamba kwa kufuata mdundo, na bibi harusi akapandisha mikono ya gauni akashika kamba upande wa pili. Jua lilipozama, ngozi ilikuwa nyeupe, nyororo, haina kunyanzi hata moja. Evaristi alifurahi hadi akasahau kujisifu.

Jumatatu watu walijaa maktabani mbele ya Bismillahi aliyoiandika Sikudhani juu ya ngozi hiyo. Herufi zilikuwa pana, nyeusi, hazina nukta. Mmoja akanong'ona kwamba mwalimu amezisahau.

"Waandishi wa kale mara nyingi hawakuziweka," akaeleza Sikudhani akitabasamu.

Evaristi, Mkatoliki asiyejua alifu kwa kijiti, akasogea, akagusa pembe ya ngozi kwa ukucha. Ti! Ikalia.

"Mzee, usiipige!"

"Siipigi, mwalimu, naisikiliza."

Watu wakaangua kicheko. "Haya, inasemaje?" akauliza Sikudhani.

Mzee akavua kofia. "Inanikumbusha nilichokuwa nawaambia wenzangu bila kukielewa," akasema. "Ngozi ivute ingali maji."