Kopo Halipigi Hodi

Kopo halipigi hodi. Jana mlimsikia shangazi yenu akimjibu hivyo mwenye duka, aliyemshauri ampelekee mzazi aliyejifungua kule juu supu ya kopo ili asihangaike kumenya ndizi. Mkacheka. Wewe Nderingo ukaniuliza, "Bibi, kwani kopo lina mkono wa kubisha mlango?" Halina, mjukuu wangu. Sogeeni hapa, kila mmoja ashike kisu, tumenye huku mkisikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Kwetu huku mlimani, mwanamke akijifungua hukaa ndani apumzike, na wanawake wa jirani humletea kitu cha kutia chunguni. Mmoja huleta chana la mshare, ndizi za kupika, mwingine mfupa wenye uboho, mwingine maziwa. Asiye na kitu huleta kuni. Vyote huchemka pamoja na kupondwa kwa mwiko mpaka viwe mtori mzito. Na anayeleta haachi mlangoni akaondoka. Hupiga hodi, hukaa, humpakata mtoto, humpa mzazi habari za sokoni.

Alikuwako mjane mmoja, Mama Apolinari. Mwanawe Apolinari alikuwa amepata kazi katika bohari la vyakula huko Tanga, na mkewe, Ndeanasia, alibaki nyumbani na mama mkwe. Kwao Ndeanasia kulikuwa mbali, upande wa pili wa mlima. Alipojifungua binti, Apolinari hakupata ruhusa ya kuja. Akatuma maboksi ya supu ya kopo, ya kuku na ya nyama, yenye picha za karoti zinazong'aa kuliko karoti zenyewe. Alituma kwa upendo, msimseme vibaya.

Mama Apolinari aliyapanga makopo yale katika kabati la vioo, sebuleni, mahali ambapo wengine huweka vikombe vya wageni. Kisha akasimama kwenye lango, penye ua wa masale. Kila mwanamke aliyefika na ndizi alijibiwa, "Ahsante, rudi nazo. Mkwe wangu ana supu yake."

Mnajua ilivyo kurudi na chana la ndizi kichwani, watu wakikutazama? Hawakuja tena.

Supu yenyewe haikuwa mbaya, sitadanganya. Ilikuwa na chumvi na harufu nzuri. Mama Apolinari aliipasha moto, akaiweka kwenye kigoda kando ya kitanda, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Ndeanasia alibaki na bakuli. Mwanzoni alimaliza. Baadaye akaacha nusu. Baadaye akageukia ukuta, supu ikafanya utando juu. Hakuongea. Maziwa yakapungua, na mtoto akawa analia kutwa, kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa.

Kilio hicho kilimfikia jirani wa chini, Eliaika, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliopotea. Naye alikuwa amerudishwa langoni. Alivumilia, akavumilia. Asubuhi moja akabeba mafiga yake kwenye kikapu, akayapanga njiani, mbele kabisa ya lango la Mama Apolinari. Akawasha moto, akateleka chungu, akaketi kumenya.

Mama Apolinari akatoka mbio na mundu wake mkononi.

"Eliaika! Umerukwa na akili? Unapika mlangoni kwangu?"

"Njiani, mama. Njia ni ya wote, hata mbuzi wako wanaijua."

"Zima moto huo!"

"Ukiuzima nitauwasha. Kuni ninazo."

Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakasimama. Mmoja akatua ndoo, akaenda nyumbani, akarudi na mfupa. Mwingine akarudi na maziwa kwenye kibuyu. Walikuwa walewale waliorudishwa. Walitia vitu vyao chunguni, wakaketi kwenye nyasi.

Mama Apolinari akaonyesha nyumba kwa mundu. "Supu tunayo! Imejaa kabati!"

"Tumesikia. Ilikujaje?" Eliaika akauliza. "Ilipiga hodi? Ilimpakata mtoto mama yake akalala kidogo?"

Wanawake wakacheka.

"Chekeni," Mama Apolinari alisema. "Mimi nilipomzaa Apolinari sikuwa na kitu. Nilikula ndizi zenu na mifupa yenu, na mpaka leo wapo wanaosema kwamba walinilisha. Nimeapa mkwe wangu hatakula mtori wa kuombewa."

Eliaika akaacha kuponda. Alikuwa mkali, lakini si mkatili. "Aliyesema hivyo ana mdomo mchafu, na akiwa hapa asikie," alisema, na mwanamke mmoja akainamisha kichwa. "Lakini sikiliza, dada. Hakuna aliyekuombea. Tulikuja wenyewe. Na leo tumekuja tena, uwe umeapa au hukuapa."

Mtori ulipoiva, akapakua bakuli, akasimama langoni akiwa amelishika kwa mikono miwili. Lango hakulivuka. Mnajua, wajukuu zangu, kwetu mtu hata awe jasiri namna gani, hapiti lango bila kukaribishwa.

"Hodi!" akaita.

Mama Apolinari akafunga mdomo.

"Hodi wenyewe!"

Mvuke ulikuwa ukipanda, na mikono ya Eliaika ilikuwa inaungua, lakini hakuliweka bakuli chini.

"Hodi, jamani!" Akaita kwa ile sauti ya ng'ombe waliopotea, mpaka kuku wakatawanyika.

Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyesahau kuitumia.

"Karibu!"

Ilikuwa ya Ndeanasia. Akaita tena, sasa kwa nguvu: "Karibuni! Karibuni ndani, mama zangu!"

Na neno hilo likishatamkwa na mtu wa ndani, hakuna anayeweza kulirudisha. Mama Apolinari alitazama mlango, akamtazama Eliaika na vidole vyake vyekundu. Akatupa mundu majanini. Alichofanya baadaye hunigusa kila ninapokikumbuka: alivua kanga yake ya begani, akaikunja, akamwekea Eliaika chini ya bakuli lile la moto. "Utaungua," alisema. Wakaingia pamoja.

Mmoja alimpakata mtoto, mwingine akafungua dirisha. Ndeanasia alikula huku analia na kucheka, kwa maana walianza kusimulia jinsi kuku walivyokimbia. Aliomba bakuli la pili. Maziwa hayakurudi siku ile, wala sisemi mtori ni uchawi. Lakini alilala usingizi, na mtoto alilala mikononi mwa watu, na siku zilizofuata yakarudi.

Mama Apolinari akachuma jani la sale kwenye ua wake. Kwetu ndilo jani la kuombea msamaha, na ukiletewa huwezi kukataa. Akapita nalo nyumba kwa nyumba kwa wote aliowarudisha.

Apolinari alipokuja likizo, aliyakuta makopo yakiwa yamejaa kabati. "Mama, supu haikuwa tamu?"

"Ni tamu, mwanangu. Siku nikiwa na haraka nitaipasha. Lakini mkeo alihitaji watu, na kopo halipigi hodi."

Haya, ndizi zimetosha. Nderingo, beba kuni. Tunakwenda kwa yule mzazi wa kule juu. Nimesikia nao wamefunga geti, wanasema wana kila kitu.

"Na wakikataa kutufungulia, Bibi?"

Mafiga yamo kwenye kikapu, mjukuu wangu. Njia ni ya wote. Tutawasha moto, tutapika, tutaita mpaka aliye ndani aitike, kwa sababu sisi tuna midomo na miguu, na kopo halipigi hodi.