Posa ya Ngiri Mbishi

Ulikuwepo mwaka ambao mvua ilipita mbali na nyika bila hata kubisha hodi. Majani yakakauka, vijito vikabaki mchanga. Ngiri peke yake ndiye aliyekuwa na maji, kwa kuwa alichimba kisima kwa meno yake. Bi Nungunungu peke yake ndiye aliyekuwa na chakula, maana shimo lake lilijaa viazi vikuu. Basi mwenye maji akawa anakondeana kwa njaa, na mwenye viazi akawa anakauka koo.

Tena, tuseme kweli, wawili hao walipendana tangu zamani. Ila Ngiri alikuwa mbishi, na Nungunungu alikuwa mwepesi wa kununa.

Ngiri akamtuma Fisi awe mshenga. Fisi akafurahi kupita kiasi, kwani desturi ya nyika ile ilikuwa hivi: posa ikivunjika, chakula cha wageni huwa chake mshenga.

Siku ya posa, Fisi alimnong'oneza Ngiri njiani, "Kaka, bibi harusi anasema amekuzidi umri. Anataka umpe shikamoo."

Kisha akatangulia mbio kwa Nungunungu. "Dada, huyo bwana anajiona mzee kwako. Anasubiri shikamoo yako!"

Ngiri akaingia shimoni, akaketi kimya. Nungunungu naye kimya. Chungu cha viazi kikatoa mvuke katikati yao.

"Mbona husalimii?" akauliza Nungunungu.

"Mdogo ndiye anayeanza," akajibu Ngiri. "Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige."

"Nzige wa kwanza au wa pili?"

"Wa kwanza!"

"Wa kwanza? Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaota miiba! Wewe nimekuona ukinyonya!"

"Uliniona wapi, nawe hukuwa hata umefumbua macho?"

"Toka kwangu!"

"Natoka! Na maji yangu nitakunywa peke yangu!"

Ngiri akaondoka mkia juu. Nungunungu akaenda chumba cha ndani kulia machozi. Fisi akakumbatia chungu, akala viazi, akala maganda, akalamba chungu mpaka kikang'aa.

Lakini Ngiri alipofika nusu ya njia, akakumbuka jibu zuri ambalo hakulitoa. Mbishi gani ataweza kulala na jibu tumboni? Akageuka, akarudi mbio akipiga kelele, "Na jambo jingine!"

Fisi aliposikia vishindo, akaogopa, akakimbilia mlangoni. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likakataa. Akabaki amekwama, uso kwa Ngiri, matako kwa Nungunungu.

"Ondoka, niseme naye!" Ngiri akafoka. Halafu akapaza sauti juu ya mgongo wa Fisi, "Bibi! Mwaka wa nzige mama yako mwenyewe alikuja kumpongeza mama yangu kwa kunizaa, nawe hujazaliwa bado!"

"Mwongo! Na kwa nini ulidai shikamoo yangu?"

"Mimi? Fisi ndiye aliyesema wewe unadai yangu!"

"Aa! Mimi aliniambia wewe ndiye unayedai!"

Fisi akacheka kidogo, kicheko cha mwenye hatia.

"Nitamvuta," akasema Ngiri.

"Hapana, atasukumwa," akasema Nungunungu.

"Avutwe!"

"Asukumwe!"

"Jamani, amueni haraka!" Fisi akalia.

Nungunungu hakungoja. Akageuza mgongo, akasimamisha miiba yote, akarudi kinyumenyume kwa nguvu. Fisi akaruka kama kizibo, akampita Ngiri juu ya kichwa, akatokomea akiwa na miiba kumi na mitatu mahali pa kukalia.

Ngiri akachungulia ndani. "Utanioa?" akauliza kwa aibu.

"Mwanamume ndiye anayeoa, mjinga wewe!"

"Basi nitakuoa."

"Umechelewa kusema. Lete maji."

Wakaoana siku ileile, wakibishana chungu cha maji kikae kushoto au kulia. Walikula, wakanywa, wakanenepa. Fisi alikaa miezi miwili akila kwa kusimama, na wanyama wakimwona walimwambia: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime; wakipatana, shika kapu ukavune.