Kwa Nini Mgeni Hupiga Hodi

Zamani nyumba hazikuwa na hodi, na Upepo alikuwa tarishi wa kila mtu. Ukitaka kusema na mwenzio ulitaja jina lake tu. Upepo akayabeba maneno yako akaenda kuyamwaga sikioni mwake, awe jikoni, awe chooni. Peke yako hukuwa, hata ujifungie. Na nani atembee juani kwenda kumjulia mtu hali, na hali yenyewe unaletewa kitandani? Njia za kwa jamaa zikaota magugu.

Somoe, msuka mikeka, alikuwa na mdogo wake, Biubwa, aliyeolewa kijiji cha pili na aliyekuwa akinyonyesha kichanga. Waliongea kutwa.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, dada."

Somoe akasuka, ameridhika. Siku moja ile "sijambo" ikamfikia imekatika katikati, kama ya mtu aliyeuma meno. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Akautupa ukindu chini, akashika njia, magugu yakimkwaruza magoti.

Alimkuta Biubwa amebaki macho tu, homa inamtetemesha.

"Una nini wewe?"

Biubwa akafumbua kinywa. Kabla hajasema, Upepo akaingia na sauti ya shangazi: "Jamani, mna chumvi huko?" Akafumbua tena, ikaingia ya wifi, na habari za mbuzi wa jirani. Kila alipotaka kusema, nyumba ilijaa watu wasiokuwapo.

Hapo Somoe akaelewa. Jambo la aibu halisemwi sokoni, na Upepo alikuwa amegeuza kila chumba soko. Akautwaa mkeka wa kitandani, akauning'iniza mlangoni, akashika kiuno.

"We Upepo, kwenu hawakukufunza? Kaa nje. Ukija, sema umekuja, ungoje. Usipojibiwa, geuza."

Upepo akausukuma mkeka kwa hasira. Somoe akaukalia ncha. Ndani kukawa kimya, kimya kigeni, hata Biubwa akakiogopa kidogo. Kisha akasema taratibu, "Ninalo jambo, dada." Akafunua kifua. Jipu lilikuwa limeiva kwenye ziwa, na lau lingeachwa, Biubwa asingemaliza juma.

Somoe akamleta mkunga, likatumbuliwa. Biubwa akapona, akazeeka, akawa na mdomo kumshinda dada yake.

Na tangu siku hiyo Upepo haingii kwa mtu bila kulia mlangoni. Maneno aliyokuwa nayo aliyamwaga kwa kununa, amebaki na mluzi tu. Mwanadamu naye, akifika kwa mwenzie, husimama nje akapiga hodi. Ya tatu ikipita kimya, huondoka na heshima yake.

Simu haikuwapo siku ile ikafunzwa. Basi nyie mnaonipigia mfululizo, mjue: nisipopokea sijafa, hamjakaribishwa. Na mkitaka kujua kama ninalo jambo, miguu mnayo.