Nyumba Iliyouzwa Pungufu ya Chumba Kimoja

Mwezi wa Rajabu, mwaka wa pili baada ya mto Dijla kufurika, nyumba ya marehemu Mus'abu bin Layth ilitangazwa kuuzwa katika mji wa Wasit.

Inasimuliwa kwamba nyumba hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kujengwa mjini humo, nayo ilitazamana na mahakama ya kadhi. Chini palikuwa na ofisi za makarani waliowaandikia watu mashtaka yao, pamoja na ofisi ya wakala wa nafaka. Juu palikuwa na makazi. Kwenye kona, chini ya ngazi, palikuwa na chumba kimoja chenye mlango wake peke yake, unaofungukia sokoni.

Muuzaji alikuwa mjane wa marehemu, Bi Hunayda bint Sahl, mwanamke mcha Mungu aliyejulikana kwa uchache wa maneno. Hawakujaaliwa mtoto. Mus'abu alipofariki, warithi wengine walichukua mashamba, na nyumba ikawa fungu lake. Aliiuza kwa sababu moja. Dada yake Umayma, wa pekee aliyebaki hai kati ya ndugu zake wa tumbo moja, aliishi Madina, na mahujaji waliorudi walileta habari kwamba macho yake yanapoteza nuru. Umayma alikuwa amewaambia: "Mwambieni Hunayda aje ningali naweza kuuona uso wake." Bi Hunayda alitaka kuondoka na msafara wa hija baada ya Idi, akaishi huko kwa thamani ya nyumba bila kumlemea dada yake.

Dalali alikuwa Dhakwani, mtu mwenye maneno mengi na moyo mwema. Mwezi wa Shaabani alimleta mnunuzi, Abu Wathiki, muuza manukato. Abu Wathiki alizikagua ofisi, akapanda juu, akashuka. Aliposimama mbele ya mlango wa kona alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hapa ndipo duka langu," alisema. "Mtu akitoka mahakamani ameshinda kesi, atanunua manukato ya kujipongeza. Akishindwa, atanunua ya kujiliwaza. Naichukua nyumba kwa bei mliyoitaja."

Dhakwani alimhimidi Mwenyezi Mungu kwa sauti kubwa. Bi Hunayda alisema, "Ngoja kidogo, ewe Abu Wathiki. Chumba hicho hakimo."

"Hakimo vipi, na ukuta ni mmoja?"

Akamweleza. Mume wake alikuwa karani wa kadhi kwa umri wake wote. Kila jioni aliwaona watu waliotoka vijijini wakilala kwenye ngazi za mahakama, wakingoja kesi zao za kesho. Katika ugonjwa wake wa mwisho, Mus'abu alitamka kwamba chumba cha kona ni wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, alale humo kila mgeni aliyekuja kutafuta haki. Tangu siku ile Bi Hunayda alitandika mikeka, akaweka mtungi wa maji, na mlango haukutiwa komeo tena. Watu walidhani ni ukarimu wake mwenyewe, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Dhakwani alimvuta pembeni kwa adabu.

"Mama, marehemu aliyasema haya mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Na nani mwingine?"

"Hapakuwa na mwingine."

"Basi nani atakuuliza?"

"Hakuna atakayeniuliza, Dhakwani. Hilo ndilo linalonitisha."

Dalali alishika kichwa. "Mimi ni dalali tangu sijaota ndevu. Nimeona nyumba zikibomolewa na mafuriko, na moto, na mchwa. Sijapata kuona nyumba inayobomolewa na mdomo wa mwenyewe."

"Sijaibomoa. Nimemwonyesha mahali nyumba yangu inapoishia."

Abu Wathiki alikuwa amesikia yote. Hakukasirika. "Bibi, Mwenyezi Mungu akulipe kheri," alisema. "Lakini mimi nilikuwa nanunua kona. Nyumba nilikuwa nachukua kwa kuwa imeambatana nayo." Akaenda zake, na kabla ya Ramadhani kuandama alikuwa amenunua nyumba nyingine katika Mtaa wa Wafumaji.

Wanunuzi wengine walikuja. Kila mmoja aliutazama mlango wa kona, na kila mmoja aliambiwa maneno yale yale. Hakuna aliyerudi.

Msafara wa hija uliondoka mwezi wa Shawwali. Mpwa wake Bi Hunayda, aliyekuwa tayari kusafiri naye kama maharimu wake, ndugu wa kiume wa kumsindikiza, alikuja kumuuliza kwa mara ya mwisho kama waende. Alijibu kwamba hawezi kuacha nyumba bila mwenyewe, wala kufika Madina akiwa mzigo. Alipanda darini, akautazama msafara mpaka vumbi likatua. Inasemekana alilia, na hakuficha kwamba alilia. Kisha akashuka, kwa sababu palikuwa na mtu anabisha hodi.

Alikuwa mkulima mzee, mwenye kesi ya mbuzi.

"Wanasema hapa panalalwa," alisema.

"Panalalwa. Karibu, baba."

"Pana viroboto?"

"Walikuwapo. Nimefagia."

Mzee aliingia, akabonyeza mkeka kwa mguu, akaridhika. "Chumba hiki cha nani, nijue wa kumlipa?"

"Cha Mwenyezi Mungu."

"Basi wewe nisikulipe."

"Usinilipe, baba. Niombee dua tu nimkute dada yangu anaona."

Mzee aliinua mikono, akaomba palepale mlangoni, akamwombea na mbuzi wake, kisha akalala.

Mwezi wa Muharramu, Abu Wathiki alirudi. Dhakwani alikuwa nyuma yake. Bi Hunayda aliwakaribisha wakae barazani, akawaletea maji ya kunywa.

"Nyumba ya Mtaa wa Wafumaji imetoka mikononi mwangu," alisema Abu Wathiki. "Aliyeniuzia aliisifu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilipohamia, wakaja mayatima na msimamizi wao. Nyumba yote ilikuwa urithi wao. Kadhi amewapa haki yao, na amehukumu kweli. Aliyeniuzia amekwenda Basra, na hajulikani yuko mtaa gani."

"Pole, ndugu yangu."

"Sikuja kutaka pole, Bibi. Muda wote wa kesi ile nilikuwa nakaa mbele ya mahakama, naitazama kona yako. Kila jioni naona watu wenye vumbi wanaingia, asubuhi wanatoka wamenawa uso. Nikafikiri: katika mji huu nimenunua nyumba zaidi ya moja, na kila moja nimeijua aibu yake baada ya kuhamia. Ni moja tu niliyoambiwa aibu yake kabla sijatoa mkono."

"Si aibu," alisema Bi Hunayda.

"Nisamehe. Si aibu. Naitaka nyumba pamoja na wakfu wake. Duka nitaweka katika ofisi ya wakala wa nafaka, anahama. Na bei ni ile ile ya kwanza."

"Ile ilikuwa bei ya nyumba yenye kona. Ondoa thamani ya kona."

"Siondoi."

"Basi siuzi. Chumba si changu, nitapokeaje thamani yake?"

"Ipokee kama zawadi."

"Zawadi ukishamaliza kununua, si kabla."

Dhakwani aliweka kikombe chini. "Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nioneeni huruma! Mnunuzi anapandisha, muuzaji anashusha, na mimi nimekaa katikati sijui nimkanye nani. Sokoni nikisimulia haya wataniambia nimelewa!"

Bi Hunayda alicheka, na makarani wa ofisi za chini walisema hawakuwa wamemsikia akicheka tangu msafara uondoke. Waliafikiana kwa bei iliyoondolewa thamani ya chumba cha kona. Kisha alituma mpwa wake aitwe, akamtaka yeye na Dhakwani wasimame, akakiri mbele yao, na mbele ya Abu Wathiki, kwamba chumba kile ni wakfu kama alivyotamka marehemu, ili wawe mashahidi baada yake. Abu Wathiki aliahidi kutoutia komeo mlango ule.

Mwezi wa Shawwali uliofuata, Bi Hunayda aliondoka na msafara akiwa na mpwa wake. Abu Wathiki aliwasindikiza hadi nje ya mji, akampa chupa ya mafuta ya waridi. "Nimeshamaliza kununua," alimwambia. Aliipokea.

Wanaozingatia kisa hiki wamesema kwamba ukweli haukumharakishia Bi Hunayda safari yake. Ulimchelewesha mwaka mzima, katika jambo ambalo hakuwa na uhakika kama linangoja. Alitimiza amana bila kujua mwisho wake. Nasi tunaosoma tukiwa tumeujua mwisho, inatupasa kukumbuka kwamba yeye alipopanda darini hakuujua.

Habari ya mwisho iliyopokewa ni ya mahujaji wa Wasit waliorejea mwezi wa Safar. Walisema waliwakuta dada wawili katika nyumba moja karibu na soko la Madina. Umayma alikuwa bado anaona kwa jicho la kulia, na harufu ya waridi ilikuwa kwenye nguo zake. Alikuwa na lalamiko moja tu juu ya mgeni wake: kila usiku yeye Umayma huutia mlango komeo, na kila alfajiri hukuta dada yake ameshaufungua.