Mbwa wa Radi wa Bi Mashavu

Niwape ngano? Basi nipeni masikio!

Katika nchi ya Tukumbizi palikuwa na mbwa wa kila aina. Walikuwapo mbwa wa moshi na mbwa wa dhahabu, lakini kinga ya nchi ilikuwa mbwa wa radi: wabaya wa sura, rangi ya tope, ila wakibweka, zimwi hugeuka majivu.

Bi Mashavu alikabidhiwa mbwa hao na mama yake, akawaonea aibu. Akawachanganya na mbwa wa dhahabu, na katika kila uzao akabakiza wazuri, wenye kelele akawatupa msituni.

Uzao wa kwanza, manyoya yaling'aa. Mama akasema, "Mwanangu, sauti imepungua."

Uzao wa pili, macho yakawa kama lulu. "Mwanangu, sauti inakwisha."

Uzao wa tatu, watu walitoka mbali kuja kuwatazama. Mama alikuwa keshakufa.

Ng'ambo ya mto zimwi likasikia kimya, likavuka adhuhuri. Kibibi, binti wa Mashavu, alikuwa uani akipepeta mchele.

"Bwekeni, wanangu! Bwekeni!" Mashavu akalia.

Mbwa wakafungua vinywa, ikatoka pumzi tu. Wakalilamba zimwi miguu, wakatikisa mikia. Likamtia Kibibi kapuni, likaenda zake.

Mara tatu Mashavu aliingia msituni kuwaita aliowatupa. Hakuitikiwa.

Ngano naiacha hapo. Ila mkipita Tukumbizi adhuhuri, mkasikia mtu anabweka uani, msicheke. Ni Bi Mashavu, na mbwa wake wazuri wanamtazama.