Taa ya Mwisho Ndiyo Ipimayo Mtambo

“Taa ya mwisho ndiyo ipimayo mtambo.” Mmeisikia methali hiyo asubuhi mkutanoni, wajukuu zangu, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Sogeeni tumenye maharage huku nikiwasimulia. Ilizaliwa kwenye trei ya mayai.

Umeme ulikuwa mgeni Ndulilo. Mto uliingia kwenye mtambo mdogo kule bondeni, ukatoka bila kulowesha kitu, ukapanda nguzo na kutembea juu ya nyaya hadi ukingo wa kijiji, kwa Tumpe. Nguzo yake ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mbele yake ulikuwa ukungu tu.

Akina mama wa kijiji walimkabidhi Tumpe mashine yao ya umeme ya kutotolea mayai. Mayai hutaka siku ishirini na moja za joto lisiloyumba. Trei ya kwanza ikaoza. Ya pili ikaoza. Minong’ono ikaanza: Tumpe ana mikono ya baridi. Wakakata shauri kuwa ya tatu ikiharibika, mashine itahamia kwa mwingine. Tumpe aliishi peke yake, na kila alipofumba macho alisikia nyumba yake imejaa milio ya vifaranga.

Siku ya saba ya trei ya tatu alimulika yai kwa tochi. Akaona nyuzi nyekundu zimetanda kama mizizi, na katikati nukta inadunda. Lakini jioni ilipoingia, balbu yake ikasinzia kama ilivyo ada, ikawa na rangi ya ndizi mbivu, kisha ya kaa linalozimika. Akaifunika mashine blanketi, akateremka bondeni kwa mzee Ambakisye, fundi wa mtambo.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Mayai tena?”

“Umeme, fundi. Haunifikii.”

Ambakisye akacheka. “Tazama mshale huu wa kipimo cha mtambo. Volti mia mbili na thelathini! Mtambo wangu mzima kama fahali. Labda hiyo mikono yako…”

“Mikono yangu iache. Wewe unaonja chunguni, mimi nala kwenye sahani ya mwisho. Chukua kipimo chako, twende.”

Wakapanda. Taa ya nyumba ya kwanza ilikuwa nyeupe pe. Zilizofuata zilizidi kufifia, kama watu wanaopitiwa na usingizi mmoja baada ya mwingine. Kwa Tumpe, fundi akachomeka kipimo ukutani. Mia moja arobaini na nane. Akakigonga kwa kidole. Namba haikusogea. Akatoka nje, akaitazama nguzo, waya kwa waya, hadi juu.

“Ni ngazi yangu,” alisema taratibu.

“Ngazi imefanya nini?”

“Ni fupi. Nyaya za moto, zinazoleta umeme, ni tatu, ila kila nyumba niliiunga kwenye ule wa chini, kwa kuwa ndio niliokuwa naufikia. Kijiji kizima kinakunywa kwenye waya mmoja, mbili zimekaa bure. Umeme ukifika kwako umeshachoka.”

“Na mimi nikaitwa mikono ya baridi.”

Ambakisye akavua kofia. “Leo mayai yapashe joto kwa jiko la mkaa, mwanangu. Kesho naazima ngazi ya kanisani.”

Kesho yake alizima mtambo, akapanda nguzo moja baada ya nyingine, akazigawa nyumba kwa nyaya zote tatu. Jioni watu wakawasha taa na pasi zao kama kawaida. Balbu ya Tumpe ikafumbua jicho, jeupe, wala haikusinzia tena.

Siku ya ishirini na moja akina mama walijazana mlangoni. Ganda la kwanza likapasuka. Kisha la pili, kisha mlio ukaenea chumbani kama mvua ya mbali. Mama Lusajo, aliyekuwa kinara wa minongʼono, akaushika mkono wa Tumpe na kuuweka shavuni mwake.

Tangu hapo, ukimuuliza Ambakisye kama mtambo ni mzima, hakuutazama mshale. Aligeuka kwanza kutazama kule juu kwa Tumpe, penye ukungu, kisha akajibu:

“Taa ya mwisho ndiyo ipimayo mtambo.”