Furushi la Chumvi Darajani

Sogeeni, wenzangu, ngano imeiva.

Zimwi lilikaa darajani, kati ya milimani kwenye mtama na bondeni kwenye chumvi. Kila aliyesimama kukagua mzigo wake, lilimmeza. Milimani wakadai bondeni wanaua watu. Bondeni wakadai vivyo hivyo. Biashara ikafa.

Nyamizi wa milimani, aliyechoshwa na mboga chapwa, alishuka na kapu la mtama. Sikudhani wa bondeni akampa furushi la chumvi.

“Dada, hufungui kapu?” Nyamizi akauliza.

“Si umelifunga wewe?” Sikudhani akajibu.

Akirudi, pale darajani zimwi likanong'ona, “Nyamizi, huo ni mchanga.” Hakusimama. “Nyamizi, chungulia tu.” Hakusimama. “Nyamizi, wanao watakucheka.”

Mkono ukashika fundo. Akamkumbuka Sikudhani, akaliachia, akaenda zake. Zimwi likasinyaa likawa kama chura, likatumbukia mtoni.

Nyumbani alifungua furushi. Chumvi ilikuwa nyeupe, na katikati mlikuwa na samaki mkavu, nyongeza. Nyamizi akaketi chini, akacheka hadi machozi yakamtoka, maana wakati huohuo, kule bondeni, Sikudhani alikuwa akiifikia asali ambayo yeye Nyamizi alimfichia chini ya mtama.

Nimeitua hapo. Ipakueni ingali moto.